Chupa ya Krisma Yaenda Makambako

Sogeeni motoni, wapwa zangu. Leo baridi ya Njombe imeamka kabla ya jogoo. Wewe mwenye miguu mitupu, njoo huku karibu na chungu.

Jumamosi iliyopita mwenzenu mmoja alinijia kutoka Makambako. Anasoma mafundisho ya Komunyo ya Kwanza kwa katekista wa kigangoni kwao. Amri Kumi anazijua. Baba Yetu anaisali bila kujikwaa. Lakini uso kaukunja.

"Mjomba, mbona wanatuweka sana? Si nilishabatizwa?"

Swali tamu hilo! Mtoto anayeuliza hivyo namkatia kipande kikubwa cha muhogo. Sikumjibu. Nilifunua chungu cha kande, nikampa kijiko. Akatafuna. Mahindi yalilia kokoto, kokoto.

"Chumvi imo?"

"Imo."

"Maharage yamo?"

"Yamo."

"Sasa kimekosekana nini?"

Akacheka. "Havijaiva, mjomba."

Basi ndiyo hivyo. Sala umezikariri, amri umezikariri, vyote vimo chunguni. Mimi kukariri sikudharau. Yale niliyokariri utotoni bado hunisaidia usiku wa radi. Lakini mahindi yanahitaji moto. Na wenzenu wa zamani walisubiri zaidi yenu! Wengi walifika miaka 12 au hata 14 ndipo wakakomunika. Mwaka 1910 Papa Pius X akasema: mtoto wa miaka kama saba, akishaweza kuutofautisha mkate wa Komunyo na mkate wa chai, msimzuie.

"Kumbe mimi nina miaka tisa!"

Kumbe. Kaa basi nikusimulie habari za chupa.

Palikuwa na kichupa kidogo. Kiliishi kanisani, kwenye kabati lenye ufunguo. Siku moja kilimwona mtoto wa mafundisho kikamwita: "Wewe! Sisi tulishaonana."

"Tulionana wapi?" mtoto akauliza.

"Tulia nikwambie. Tumboni nina mafuta ya mzeituni yenye manukato ya balsamu. Jina langu Krisma. Kila mwaka, siku za kuelekea Pasaka, askofu hunibariki Njombe mjini, mapadre wa jimbo lote wamemzunguka. Huinama akatupulizia pumzi yake, tukiwa bado kwenye chombo kimoja kikubwa."

"Anapuliza kama mama anavyopooza uji?"

"Hapana! Mama hupuliza ili moto utoke. Askofu hupuliza kuomba Roho Mtakatifu aingie. Kisha tunagawanywa. Huyu Ludewa, yule Makete, mimi Makambako. Nikapanda gari na padre. Tukapita Kibena penye chai na miwati, tukala kilomita kama 60, mpaka upepo ukaanza kutikisa vioo. Nikajua nimefika. Jumapili wakakuleta, umeviringishwa khanga, unalia kama mbuzi. Padre akanipaka utosini pako. Ukanyamaza. Sisi tulishaonana."

"Na tutaonana tena?"

"Siku ya Kipaimara. Siku hiyo sitakaa utosini. Nitakaa kwenye paji la uso."

Hapo mpwa wangu akanikatiza. "Kipaimara? Kama kipa wa golini, kipa imara?"

Nilicheka mpaka machozi! Ni mlinda mlango huyo, timu nzima ya mtaani inamtegemea. Nikamwambia, kinachokupa uimara ndicho Kipaimara. Lakini usilitupe hilo lako la golini, ni zuri. Mbele ya mpira mkali kipa haruhusiwi kufumba macho.

Askofu mwenyewe ndiye huja kuwapaka, au humtuma padre kwa niaba yake. Jimbo hili la Njombe liliundwa mwaka 1968. Kabla ya hapo tulikuwa chini ya Wabenedikto wa Peramiho, walioanza kazi kule mwaka 1898. Hayo mtayasoma mkikua. Turudi kwa chupa yetu, maana ilikuwa na neno jingine.

"Nguo yako nyeupe ninaiona," chupa ikasema. "Inapendeza. Ila miaka yote hii sijawahi kuuliza bei ya kiatu cha mtoto."

Wazazi mnaosikia nyuma ya mlango, chupa ndiyo imesema, si mimi.

Sasa mpwa wangu akasogea, akanong'ona. Kumbe kilichomkunja uso hakikuwa kusubiri. Ilikuwa kitubio. Kabla ya Komunyo ya Kwanza lazima aungame, naye anaogopa.

"Padre akimwambia mama?"

"Hawezi."

"Hata mama akimbembeleza?"

"Hata mama akimbembeleza."

"Hata polisi wakija?"

"Hata polisi wakija. Padre akitoa siri hiyo kwa makusudi, mwenyewe anatengwa na Kanisa. Upepo wa Makambako unang'oa bati. Siri ya kitubio hauing'oi."

Akashusha pumzi. Kisha akaanza: "Ile sukari, mjomba, tuliyosema ameimwaga paka..."

Nikaziba masikio upesi. Hayo si yangu! Mpelekee padre. Ila ukifika nyumbani, paka yule unadaiwa naye maziwa.

"Na hostia," akauliza, moyo umeshatulia, "ni unga na maji tu. Yesu anaeneaje?"

Ni unga wa ngano na maji, kweli, bila chachu. Umeona mbegu ya msindano? Ndogo, upepo unaibeba. Msitu wote ule wa mlimani umetoka humo. Mfano wangu unachechemea, najua. Msindano hukua wenyewe, lakini hostia hugeuzwa na neno la Yesu mwenyewe. Ndiyo maana saa nzima kabla ya kukomunika huli kitu, isipokuwa maji na dawa. Unampisha mgeni sebuleni.

Jumapili akaniomba tukae benchi la mbele. Palikuwa na ubatizo wa watoto wanne. Misa ilipokwisha, akamfuata mama mmoja, akamwamkia vizuri, akaomba kumwona mtoto. Akainama juu ya utosi ule mdogo, akavuta pua taratibu.

"Mjomba," akaniita, sauti chini. "Ni yeye."