Mvua ya wastani kwa mkulima wa Katavi ni milimita ngapi?

Kila ifikapo Oktoba, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania (TMA) huwaita waandishi wa habari na kutangaza mwelekeo wa mvua za Msimu, zile za Novemba hadi Aprili zinazonyesha katika mikoa yenye msimu mmoja wa mvua kwa mwaka. Katavi imo. Jioni ya siku hiyohiyo taarifa huwa imekwishafika Mpanda kwa redio na kwa simu, ila ikifika huwa imepungua sana. Ramani zimebaki Dar es Salaam pamoja na ushauri kwa wakulima na wafugaji na tarehe za mvua kuanza na kukoma. Kinachozungumzwa sokoni Buzogwe ni kifungu kimoja tu: mvua za wastani hadi juu ya wastani. Au mwaka mwingine, wastani hadi chini ya wastani.

Kwa kifungu hicho mwenye duka la pembejeo anaamua alete mbegu ya mahindi ya muda mfupi au ya muda mrefu. Mkulima wa mpunga wa Mwamkulu anapima kama aongeze majaruba. Wa tumbaku ana kazi ngumu kuwashinda wote: kitalu chake kiko tayari, pembejeo amechukua kwa mkopo kupitia chama cha msingi, na miche ikihamishiwa shambani mvua ikakata wiki mbili, deni halikati.

Sasa tuulize swali la kishamba kabisa. Wastani ni milimita ngapi?

Kwa kipimo ambacho TMA imekuwa ikikitumia katika taarifa zake, mvua ya wastani ni ile iliyo kati ya asilimia 75 na 125 ya wastani wa muda mrefu wa eneo husika. Ikipungua hapo ni chini ya wastani, ikizidi ni juu ya wastani. Kwa urahisi wa hesabu tuchukue mahali ambapo wastani wa muda mrefu ni milimita 1,000 kwa msimu. Basi milimita 750 ni wastani, na milimita 1,250 nazo ni wastani. Kati ya namba hizo mbili kuna pengo la nusu mita ya maji. Mwaka wa milimita 750 mpunga wa mabondeni unaweza kukauka kabla haujatoa masuke, na mwaka wa milimita 1,250 mahindi ya shamba la udongo mzito yanasimama ndani ya maji. Miaka yote miwili, kwa vitabu, utabiri umetimia.

Mambo yanazidi kuchanganya tukivuka mpaka. Jukwaa la utabiri wa msimu la Pembe ya Afrika, GHACOF, lililoanza mwaka 1998 na linaloratibiwa na kituo cha ICPAC nje kidogo ya Nairobi, lina kipimo chake. Wao huchukua misimu 30 iliyopita, wakaipanga kuanzia yenye mvua haba hadi yenye mvua nyingi, kisha wakaigawa mafungu matatu ya misimu kumi kumi. Fungu la kati ndilo wastani. Kwa kipimo hiki wastani ni ukanda mwembamba zaidi, na utabiri hautolewi kwa kusema kitakachotokea bali kwa kugawa uwezekano: asilimia kadhaa kwa kila fungu. Kwa hiyo msimu uleule, mahali palepale, unaweza kuitwa wastani na ofisi moja na chini ya wastani na nyingine, na hakuna iliyokosea hesabu.

Katavi ina tatizo jingine ambalo Nairobi hawalioni kwa urahisi. GHACOF hutabiri vipindi vitatu: Machi hadi Mei, Juni hadi Septemba, na Oktoba hadi Desemba. Vipindi hivyo vinazifaa Kenya na Ethiopia. Mahindi ya Mlele na Mpimbwe hutegemea mvua ya Januari na Februari, miezi ambayo haimo katika kipindi chochote kati ya hivyo. Tanzania hushiriki pia jukwaa la nchi za SADC, SARCOF, ambalo hutoa utabiri wa Oktoba hadi Desemba na Januari hadi Machi. Msimu wetu mmoja, basi, unakatwa vipande na kugawiwa majukwaa mawili, na ni TMA peke yake inayouunga tena ukawa mzima. Hata takwimu za mvua zikipangwa kwa mwaka wa kalenda, Januari hadi Desemba, zinauchana msimu wa Katavi katikati na kushona nusu ya msimu uliopita na nusu ya unaofuata. Nani analima hivyo?

Haya yote yalijulikana zamani. Mwaka 2009 mkutano wa tatu wa dunia wa tabianchi uliofanyika Geneva uliamua kuanzishwa Mfumo wa Dunia wa Huduma za Hali ya Hewa, kwa hoja kwamba vipimo na utafiti vimesonga mbele lakini taarifa haimfikii mtumiaji katika sura anayoweza kuitumia. Tanzania na Malawi zilikuwa miongoni mwa nchi za majaribio barani Afrika, kwa ufadhili wa Norway, na kwetu kazi ikafanyika Kiteto, Longido na Kondoa. Katika baadhi ya maeneo hayo maafisa ugani walifundishwa kukaa na wakulima kabla ya msimu na kuwawekea mezani takwimu za mvua za miaka mingi za eneo lao, mwaka baada ya mwaka, kwa michoro, ili kila mmoja ajihesabie mwenyewe: katika miaka kumi, mara ngapi mvua ilitosha zao hili? Baadaye nchi ikapata mfumo wake wa kitaifa wa huduma hizi, wa 2018 hadi 2022.

Utaratibu ule wa kukaa na takwimu ndio ninaoupenda kuliko yote, kwa sababu haumtaki mkulima aamini. Unamtaka ahesabu. Lakini hauwezekani bila takwimu za karibu, na hapo ndipo Katavi inapobanwa.

Viwango vya kupima mvua ni vya zamani na viko wazi. Kipima mvua ni kopo lenye mdomo wa duara, kwetu aghalabu wa milimita 127, linalosimikwa mahali pa wazi mbali na miti na mapaa. Husomwa saa 3 asubuhi kila siku, iwe Jumapili iwe Idi. Maji humiminwa kwenye bilauri yenye mistari, jicho la msomaji likiwa usawa wa maji, kisha namba huandikwa palepale, hata ikiwa sifuri. Sifuri ndiyo huwashinda wengi. Siku ambayo haikunyesha na siku ambayo msomaji hakwenda, zote zikiachwa wazi kwenye daftari, baada ya miaka mitano hakuna awezaye kuzitofautisha, na ukame wa siku kumi unageuka kuwa safari ya mtu kwenda msibani. Daftari la namna hiyo halimfai mtabiri hata likiwa na kurasa mia.

Kipimo cha Mpanda mjini hakiwezi kuusemea mkoa mzima. Karema na Ikola ziko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, Majimoto iko huko chini katika bonde la Rukwa, na Mishamo iko mbali kaskazini-magharibi. Hata maji ya mkoa huu hayaendi njia moja: mto Katuma unapita Hifadhi ya Taifa ya Katavi kuelekea Ziwa Rukwa, ilhali maji ya Ugalla huingia Malagarasi na kuishia Tanganyika. Kiutawala ni mabonde mawili yenye bodi mbili za maji, moja Mbeya na nyingine Kigoma.

Katuma ndio mfano wenyewe wa hasara ya kila mtu kuwa na daftari lake. Kila kiangazi viboko wa hifadhi hujazana kwenye madimbwi ya matope yanayobaki, na watalii husafiri mbali kuja kuwapiga picha. Watafiti wamekuwa wakieleza kwa miaka mingi kwamba chanzo si mvua tu, kwani maji huzuiwa na kuchepushwa juu ya mto kwa ajili ya mpunga. Ni kiasi gani ni mvua na ni kiasi gani ni mifereji? Kulijibu swali hilo kunataka mvua ya juu ya mto, kina cha mto na maji yanayochepushwa viwekwe pamoja, kwa tarehe zinazolingana na vipimo vinavyolingana. Bila hivyo mkulima atamlaumu Mungu, mhifadhi atamlaumu mkulima, na kila mmoja atakuwa na ushahidi wake.

Sheria Na. 2 ya 2019, iliyoigeuza TMA kutoka wakala kuwa mamlaka kamili, inataka vituo vya watu na taasisi nyingine visajiliwe. Nia ni nzuri: kipimo kisichokaguliwa ni uvumi wenye namba. Lakini usajili usipokuwa mwepesi, chama cha msingi au shule yenye kipima mvua itaona heri kukaa kimya na daftari lake, na atakayekosa ni mtabiri.

Kuna na suala la kujipima. Taasisi za hali ya hewa hupenda kutangaza usahihi wa utabiri wa msimu uliopita kwa asilimia, na asilimia hizo huwa kubwa. Ukanda wa wastani ukiwa mpana kama tulivyoona, kuulenga si kazi. Simon Mason wa taasisi ya IRI ya Chuo Kikuu cha Columbia na mwenzake waliuchunguza utabiri wa majukwaa ya Afrika wakakuta wataalamu walikuwa na mazoea ya kuegemea fungu la kati, pahala ambapo hakuna wa kuwalaumu. Mwaka 2020 Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitoa mwongozo wa kuhimiza utabiri wa msimu utoke kwenye hesabu zinazoweza kurudiwa na kukaguliwa, badala ya makubaliano ya ukumbini. Ni hatua nzuri, ila mkulima wa Nsimbo hahitaji kujua ramani ilichorwaje. Anachotaka kujua ni kama mwaka jana mvua ilianza siku iliyotajwa, na kama ukavu wa Februari ulisemwa kabla au baada.

Kwa tahadhari za muda mfupi TMA imekwishafanya kazi ya kupigiwa mfano. Angalizo lina rangi ya njano, tahadhari ya chungwa, tahadhari kubwa nyekundu, na kila moja huja na uwezekano wa kutokea na athari zinazotarajiwa: makazi kuzungukwa na maji, usafiri kuchelewa. Utabiri wa msimu haujafika hapo, ingawa TMA imeanza kuuteremsha hadi ngazi ya wilaya, na huko ndiko pa kuanzia.

Taarifa ya wilaya iseme wastani wa eneo hilo ni milimita ngapi, mpaka wa chini ni ngapi na wa juu ni ngapi, na itaje kituo namba hizo zilikotoka. Iseme mvua huhesabiwa kuwa imeanza kwa kigezo gani, maana mkulima huhesabu tone la kwanza na mtabiri huhesabu siku kadhaa zenye mvua ya kutosha zisizofuatwa na ukavu mrefu. Kwa Mpanda mjini hesabu hiyo haihitaji mradi wala mfadhili, kwa kuwa utabiri wenyewe hauwezi kutolewa bila wastani wa muda mrefu wa kulinganisha nao. Kwa Karema, Mishamo na Majimoto, kazi itaanza na kopo, bilauri na mtu wa kuandika sifuri.