Dawa za Nano: Namna Zinavyofika Penye Ugonjwa na Maswali Yanayokupasa Kuuliza

Dawa ikishaingia katika damu, husambazwa mwilini mwote. Sehemu yake hufika penye ugonjwa. Nyingine hupita katika figo, moyo na viungo visivyoihitaji. Ndiyo sababu baadhi ya dawa kali, hususan za saratani na za maambukizi ya kuvu, humtibu mgonjwa huku zikimdhuru. Nanoteknolojia hukusudia kupunguza madhara hayo kwa kuifungasha dawa ndani ya vibebeo vidogo mno.

Udogo wake ni upi?

Milimita moja ikigawanywa katika sehemu milioni moja, kila sehemu ni nanomita moja. Kibebeo cha dawa huweza kuwa na upana wa nanomita 100 hivi. Kwa kipimo hicho, punje ya mchele wa Kyela yenye urefu wa milimita 7 ingetosha vibebeo 70,000 vilivyopangwa mstari mmoja kutoka ncha hadi ncha.

Vinafanyaje kazi?

Kibebeo kinachofahamika zaidi ni liposomu, yaani kifuko cha mafuta chenye dawa ndani yake. Mishipa ya damu iliyo katika uvimbe wa saratani mara nyingi huwa na matundu mapana kuliko mishipa mizima. Vifuko hupenya hapo kwa urahisi zaidi, kisha huachia dawa. Mwaka 1995 Marekani iliidhinisha dawa ya doksorubisini iliyo ndani ya liposomu kwa ajili ya saratani ya Kaposi inayowapata watu wenye UKIMWI.

Hata hivyo, neno "kulenga" lisieleweke vibaya. Kiasi kikubwa cha vifuko hivyo huishia kwenye ini na wengu. Madhara hupungua, lakini hayaishi.

Mfano kutoka kwa majirani zetu

Kwa mkazi wa Ngonga, wilayani Kyela, ushahidi hauko mbali. Malawi, iliyo ng'ambo ya Mto Songwe, pamoja na Uganda, Botswana, Zimbabwe na Afrika Kusini, zilishiriki katika utafiti uitwao AMBITION, ambao matokeo yake yalichapishwa mwaka 2022. Utafiti huo ulihusu homa ya uti wa mgongo inayosababishwa na kuvu aina ya kriptokokasi, ambayo huwashambulia zaidi watu wenye VVU ambao kinga yao imeshuka sana.

Kundi moja la wagonjwa lilipewa amfoterisini B ya kawaida kila siku kwa siku 7. Kundi la pili lilipewa amfoterisini B iliyo ndani ya liposomu kwa dozi moja tu kubwa. Makundi yote mawili yalipewa pia dawa nyingine za kuvu. Baada ya wiki 10, waliofariki walikuwa asilimia 28.7 katika kundi la kwanza na asilimia 24.8 katika kundi la pili. Madhara makali yaliwapata asilimia 62.3 na asilimia 50 kwa mfuatano huo. Mwaka huohuo, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tiba hiyo ya dozi moja.

Takwimu hizo zinaonesha pia kwamba, hata kwa tiba hiyo bora, takriban mgonjwa mmoja kati ya wanne alipoteza maisha. Kuwahi kituoni ni jambo lisilo na mbadala. Mtu mwenye VVU anayeumwa kichwa kisichotulia, mwenye homa, shingo kukakamaa au kuchanganyikiwa apelekwe katika kituo cha afya siku hiyohiyo.

Mambo ya kuzingatia

Kwanza, dawa mbili zenye jina moja zaweza kuwa tofauti. Amfoterisini B ya kawaida haipaswi kuzidi miligramu 1.5 kwa kila kilo ya uzito wa mgonjwa kwa siku, ilhali dozi moja ya liposomu katika tiba tuliyoieleza ni miligramu 10 kwa kilo. Kuzichanganya kwaweza kusimamisha moyo. Mgonjwa anapohamishiwa hospitali nyingine, hakikisheni karatasi ya rufaa imetaja aina ya dawa, dozi na siku aliyopewa. Ndugu wa mgonjwa ana haki ya kuuliza.

Pili, dawa hizi mbili za liposomu hutolewa kwa dripu, chini ya uangalizi wa wataalamu. Haziuzwi mnadani wala hazitembezwi majumbani.

Tatu, neno "nano" juu ya kopo la krimu, matone au bangili si uthibitisho wa ubora. Muulize muuzaji kama bidhaa imesajiliwa, na usiache dawa ulizoandikiwa kwa sababu ya ahadi zake.

Nne, joto huharibu dawa. Katika bonde la Kyela, dawa iliyoachwa juani au ndani ya gari yaweza kupoteza nguvu kabla ya tarehe ya mwisho wa matumizi. Fuata maelekezo ya utunzaji yaliyo kwenye kifungashio.

Ukipata madhara yoyote baada ya kutumia dawa, au ukiitilia shaka bidhaa yoyote, toa taarifa katika kituo cha afya kilicho karibu nawe au katika ofisi ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, Mbeya. Hifadhi kifungashio chake, kwani ndicho kinachotuwezesha kufuatilia bidhaa hiyo ilikotoka na kuwakinga wengine.