Kamina: tikiti mkononi, ndege haijulikani

Kununua tikiti ya ndege hapa Kamina ni kazi ya dakika kumi. Kujua utasafiri siku gani ni jambo lingine.

Mwezi uliopita nilipaswa kumpeleka mama yangu Lubumbashi, aonane na daktari wa macho siku ya Alhamisi. Nilinunua tikiti mbili za Jumanne kwenye ajansi. Jumatatu jioni nilipiga simu kuhakikisha saa ya kuondoka, hakuna aliyepokea. Jumanne asubuhi tulikuwa uwanjani na mizigo yetu. Saa sita mfanyakazi akatuambia: «Mama, Papa, ndege haikuja. Murudi kesho.» Jumatano, neno lilikuwa lile lile. Alhamisi daktari alimngoja mama, naye bado yuko Kamina.

Nikaomba kurudishiwa feza. Ajansi ikanituma kwa kampuni; kampuni ikasema malipo yanarudishwa Lubumbashi tu. Maana yake, ili nipate feza yangu nifike kwanza mahali ambapo ndege yao ilishindwa kunifikisha.

Kamina ni mji mkuu wa jimbo la Haut-Lomami tangu 2015, lakini Lubumbashi iko mbali zaidi ya kilomita 400. Barabara ni ngumu wakati wa mvua, na treni ya SNCC inaweza kuchukua siku kadhaa. Mgonjwa, mwanafunzi na mfanyabiashara hawana njia nyingine ya haraka. Kampuni zinalijua hilo.

Hakuna anayedai ndege iruke katika dhoruba au ikiwa imeharibika. Abiria wanahitaji mambo matatu: ujumbe wa simu siku moja mbele, karatasi yenye tarehe mpya, na feza kurudishwa pale ilipolipwa. Hayo hayahitaji ndege mpya. Serikali inayo mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, yenye kazi ya kusimamia kampuni hizo.

Kwa sasa, msafiri ajilinde. Hifadhi tikiti na risiti. Andika saa na maneno uliyoambiwa. Usilipe Go-Pass, ile kodi ya uwanja iliyoanzishwa mwaka 2009, kabla ya ndege kutua. Na ukiwa na miadi ya daktari, safiri siku nne au tano mbele.

Mama alifika Lubumbashi Jumamosi. Daktari alimpa tarehe nyingine: kisha wiki tatu.