Kinanda cha mtoto Rurambo: hesabu ya mzazi asiyejua muziki

Mtoto wa Rurambo, huku milimani juu ya Uvira, akisema anajifunza piano, mara nyingi anasema juu ya kinanda cha umeme cha kanisani, kile kinachopigwa Jumapili na kufunikwa kitambaa siku nyingine. Mpigaji wa kwaya amemwonyesha nyimbo mbili tatu, sasa anataka kujizoeza nyumbani, na wazazi hawajui do wala re. Wengi huanza kwa kuuliza bei. Mimi ningeuliza kwanza: atakigusa mara ngapi kwa juma, na kwa moto gani? Uvira wana umeme wa SNEL, kampuni ya umeme ya taifa, hata kama unakatika. Huku milimani ni jua, mawe ya redio, au jenereta la kanisa.

Kwa bei, kinanda cha kanisa hakishindiki. Shida yake ni zamu na ufunguo. Vidole vinajifunza kwa kurudia: dakika 20 kila siku zinazaa zaidi kuliko saa 2 za Jumamosi. Kwa hiyo kabla ya kutoa hata faranga moja, mzazi aende kwa mchungaji na mkubwa wa kwaya aombe mtoto aingie jioni tatu au nne kwa juma, mawe anunue yeye. Wakikubali, mwaka wa kwanza umepita bila deni.

Ziko programu za piano za bure kwenye simu, na zinafundisha majina ya noti. Mkono hazifundishi, maana kioo hakina uzito wala nafasi ya vidole kumi.

Ukiamua kununua, bei nitakazotaja ni zile zilizokuwa katika maduka ya Marekani, na huenda zimebadilika. Ongeza safari, forodha, faida ya muuzaji na motari wa kupandisha mzigo. Casio SA-46, karibu dola 50, ina vibonye 32 vyembamba. Ni mchezo wa mtoto, uiache. Yamaha PSS-A50, karibu dola 100, ina vibonye 37, navyo ni vyembamba, lakini inasikia nguvu ya kidole, ina uzito wa kilo 1.2 na inakula moto wa USB, ule ule wa kuchaji simu. Kwa familia ambayo imeshalazimika kukimbia usiku, na huku ziko nyingi, kilo moja ni hoja nzito kuliko idadi ya vibonye.

Anayekaa mahali pamoja atafute vibonye 61 vya upana kamili. Hapo ndipo wauzaji wanapotuchanganya kwa kuhesabu sauti: 400, 600, filimbi, tarumbeta, hata mbwa. Uliza jambo moja: nikibonyeza polepole sauti inakuwa ndogo? Casio CT-S200 na Yamaha PSR-F52 hazifanyi hivyo. CT-S300 na PSR-E373 zinafanya. PSR-E373 imeuzwa karibu dola 200, na tofauti ya bei na zile za chini ningeilipa hata kwa kungoja mavuno mengine, kwa sababu mtoto aliyezoea kibonye kisichojua upole atapiga kila wimbo kwa kelele ile ile. Yamaha P-45 yenye vibonye 88 vizito ni nzuri kwa mkono, lakini ina kilo 11.5 na haina mahali pa kutia mawe. Piano halisi, yenye nyuzi zaidi ya 200 na inayodai fundi wa kuilinganisha, tuiachie miji.

Sasa moto. Vinanda hivi vinne vya vibonye 61 vinakula mawe madogo sita. Mawe ya bei rahisi yanaisha upesi na kuvuja ndani. Yale ya kuchajiwa yana bei kali siku ya kwanza, kisha yanarudisha pesa. Mwenye plaki ya jua afanye hesabu: batri ya volti 12, Ah 7, ina wati-saa 84. Tumia nusu ili isife mapema. Kinanda cha wati 6 kitapiga saa 7, yaani nusu saa kwa siku kwa majuma mawili ya ukungu. Ila angalia: adapta ya PSR-E373 ni ya volti 12, ya CT-S300 ni 9.5. Kuunga CT-S300 moja kwa moja kwenye batri kunaweza kuiunguza, na hata ile ya volti 12 isiungwe batri inapochajiwa, maana volti hupanda kupita 14. Tumia kigeuza umeme pamoja na adapta yake, ukijua kwamba nacho kinakula sehemu ya zile saa 7.

Kumsaidia mtoto hakuna bei. Kaa naye, muulize kipande alichopewa, apige mkono wa kulia peke yake, kisha wa kushoto, kisha yote kwa mwendo wa pole. Mrekodi kwa simu Jumatatu na Ijumaa. Hata asiyejua noti anasikia mahali anapokwama. Na mwombe mpigaji wa kwaya amkataze kitufe cha transpozi, kinachowafanya wengi wapige miaka yote katika do moja.

Kinanda cha mkono wa pili ukikipata Uvira, nenda na huyo mpigaji, umlipie nauli. Abonyeze kila kibonye, cheusi na cheupe, polepole halafu kwa nguvu. Wewe fungua mahali pa mawe: ukiona unga mweupe au wa kijani kwenye vyuma, shusha bei au ondoka.