Mlango Upi wa Kugonga? Kliniki za Madukani katika Nchi ya Marekani

Mtoto anaamka usiku na kulia kwamba koo linamwuma. Mwili wake una moto, wala hawezi kumeza hata maji bila uchungu. Mzazi wa Bukavu na mzazi wa Minneapolis hujiuliza maswali yale yale: Ugonjwa huu ni mdogo au ni mkubwa? Nimpeleke wapi? Nitalipa nini?

Juma hili twapenda kuwaeleza, wasomaji wapenzi, namna watu wa Marekani walivyojaribu kujibu maswali hayo kwa kufungua kliniki ndogo ndani ya maduka yao. Habari hii yatuhusu. Maelfu ya ndugu zetu wa Kongo wamepokelewa katika nchi ile kama wakimbizi, na wengi wao husema Kiswahili. Mtoto wao anapougua, yawapasa kujua mlango wa kugonga. Tena yaliyotokea huko yanamfundisha kila mzazi, popote alipo, kupima vema kati ya fedha na uhai.

Mlango ulio ghali

Katika hospitali kubwa za Marekani mna idara ya dharura, isiyofungwa usiku wala mchana. Toka mwaka 1986 sheria inaziamuru hospitali zinazolipwa na Medicare, yaani bima ya serikali kwa wazee, na hizo ni karibu zote, zimpime kila mtu afikaye dharura, akiwa na fedha au hana. Akiwa katika hatari, ni lazima wamtulize kwanza. Habari ya malipo haiwezi kumcheleweshea matunzo hayo. Sheria hiyo ni njema. Lakini haikusema kwamba matibabu ni bure. Majuma machache yakiisha kupita, barua ya deni hufika nyumbani, na mara nyingi deni hilo ni zito.

Kwa nini bei iwe kubwa namna hiyo? Sababu yake si ngumu kuielewa. Waganga, wauguzi, mashine za picha, damu ya kuongezea, chumba cha kupasulia, vyote hivyo vinapaswa kuwa tayari saa tisa ya usiku, hata kama hakuna aliyeumia. Kungoja huko kuna gharama, na gharama hiyo hugawanywa kwa wote wanaoingia, hata yule aliyekuja kwa ajili ya koo tu. Naye mwenye koo hungoja kwa saa nyingi, kwani wauguzi hawapokei watu kwa zamu ya kufika, bali kwa hatari waliyo nayo. Mwenye kushikwa na moyo hupita mbele yake, na hiyo ni haki.

Basi, mbona mwenye koo anakwenda huko? Mara nyingi ni kwa kukosa mahali pengine. Waganga wengi wenye nyumba zao za kazi hufunga jioni na siku ya Jumapili. Kupata nafasi kwao kwaweza kuchukua siku kadhaa. Asiye na bima huogopa kufukuzwa mlangoni. Idara ya dharura haimfukuzi mtu.

Mwuguzi kati ya vyakula na dawa

Katika mwaka 2000, Bwana Rick Krieger na wenzake walifungua vyumba vidogo vya matibabu ndani ya maduka ya vyakula yaitwayo Cub Foods, katika miji pacha ya Minneapolis na Saint Paul, jimbo la Minnesota. Krieger mwenyewe alikuwa amempeleka mwanawe kupimwa koo siku ya mapumziko, nao waliketi wakingoja karibu saa mbili kwa kipimo cha dakika chache. Akawaza: je, hakuna njia iliyo fupi kuliko hii? Vyumba vile waliviita QuickMedx. Bei ilikuwa dola 35, na magonjwa yaliyotibiwa yalikuwa machache ya kuhesabika. Baadaye jina likawa MinuteClinic, na katika mwaka 2006 kampuni ya maduka ya dawa iitwayo CVS ikainunua. Wafanya biashara wengine wakaiga. Katikati ya miaka ya 2010 kliniki za namna hiyo zilikaribia 2,000 katika Marekani yote.

Kazi yao ni hii. Karibu na meza ya dawa pana chumba kidogo. Huwezi kumkuta mganga humo. Utamkuta mwuguzi mwenye masomo ya juu, ambaye sheria ya jimbo inamruhusu kupima na kuandika dawa. Bei zimeandikwa wazi, ili mtu azijue kabla ya kutibiwa. Hakuna haja ya kuomba nafasi siku nyingi mbele, na mlango u wazi jioni na mwisho wa juma. Wanaofika huwa na maumivu ya koo au ya sikio, mafua, ugonjwa wa njia ya mkojo, macho mekundu au upele. Wengine huja kuchanjwa. Kwa koo, mwuguzi hupangusa ndani kwa kijiti chenye pamba, na baada ya dakika chache kipimo kinamwonyesha kama ni vijidudu vinavyouawa kwa antibiotiki. Kama sivyo, dawa hiyo haifai kutolewa, hata mzazi akiisihi.

Jambo kubwa katika kliniki hizo ni mpaka wao. MinuteClinic haiwapokei watoto wa chini ya miezi 18. Mtu mwenye maumivu ya kifua haanzishiwi dawa pale, bali hupelekwa hospitalini. Mwuguzi anayejua mpaka wa kazi yake ni mwuguzi wa kutumainiwa.

Hesabu iliyofurahisha, na hesabu iliyofuata

Mwaka 2009 wataalamu walichapisha utafiti uliofanywa kwa wagonjwa wa Minnesota. Walichagua magonjwa matatu, yaani sikio, koo na njia ya mkojo, wakalinganisha gharama. Kumtibu mgonjwa mmoja katika kliniki ya duka kuligharimu kwa wastani dola 110. Kwa mganga wa kawaida, dola 166. Katika idara ya dharura, dola 570. Tena ubora wa matibabu katika kliniki za duka haukuwa chini ya ule wa waganga. Mwaka 2010 wengine wakakadiria kwamba katika kila wagonjwa 100 wanaokwenda dharura, kati ya 14 na 27 hivi wangeweza kutibiwa katika kliniki za namna hii au katika vituo vya haraka, na kwamba nchi ingeokoa dola bilioni 4.4 kila mwaka. Wengi walifurahi. Walidhani dawa ya gharama imepatikana.

Lakini kadirio si mavuno. Mwaka 2016 wataalamu walichungua tena hesabu za bima, wakaona kwamba katika kila safari 100 za kliniki za duka kwa magonjwa madogo, 58 zilikuwa safari mpya. Maana yake, watu hao hawakuiacha idara ya dharura wala mganga wao. Pasipo kliniki hiyo wangekaa nyumbani mpaka wapone. Basi gharama haikupungua. Iliongezeka, dola 14 kwa mtu mmoja kwa mwaka. Utafiti mwingine uliangalia idara za dharura za majimbo 23, toka mwaka 2007 hata 2012, ukaona kwamba kufunguliwa kwa kliniki za duka hakukupunguza kwa jumla idadi ya wenye magonjwa madogo waliofika dharura.

Tusiharakishe kuwalaumu watu wale. Mama aliyekuwa akivumilia maumivu ya mkojo siku tatu, naye sasa anapata dawa siku ile ile, amepata faida ya kweli, hata kama hesabu ya serikali haiioni. Lakini ahadi ilikuwa nyingine: kwamba duka litaipunguzia hospitali mzigo wake. Ahadi hiyo haikutimizwa.

Kisha tukumbuke kwamba mwenye duka ni mwenye duka. Yeye huweka mlango wake palipo na wanunuzi. Uchunguzi wa mwaka 2009 ulionyesha kwamba kliniki hizo zilikuwa nyingi zaidi katika mitaa ya wenye mali kuliko katika mitaa ya maskini, ambako haja ni kubwa. Na biashara isipoleta faida, mlango hufungwa. Kampuni kubwa ya Walmart ilianza kufungua vituo vyake vya afya katika mwaka 2019. Mwaka 2024 ikatangaza kwamba inavifunga vyote 51, kwa kuwa mapato hayakutosheleza gharama. Waganga wa watoto nao, kwa kinywa cha chama chao, toka mwaka 2006 walikataa kuzisifu kliniki hizo kwa ajili ya watoto. Walisema: mtoto ahitaji mganga amjuaye toka kuzaliwa, si mtu mpya kila anapougua.

Ugonjwa haujitaji jina lake

Hata hivyo, hatari iliyo kubwa kupita zote haimo katika fedha. Imo katika kukosea mlango.

Ni rahisi kusema: "Wenye magonjwa madogo wasiende dharura." Lakini nani ajuaye, kabla ya kupimwa, kwamba ugonjwa wake ni mdogo? Mwaka 2013 wataalamu walichunguza jambo hilo. Waliwachagua wagonjwa wa dharura ambao, baada ya kupimwa, walionekana kuwa na ugonjwa ambao mganga wa kawaida angeweza kuutibu. Hao walikuwa 6 hivi katika 100. Kisha wakauliza: walipofika mlangoni walilalamikia nini? Malalamiko yao yalikuwa yale yale ya karibu wagonjwa 89 katika kila 100 wanaofika dharura. Na katika hao 89 wenye kusema maneno yale yale, mmoja katika wanane alilazwa hospitalini. Wengine walipelekwa moja kwa moja katika chumba cha kupasulia. Maumivu ya kifua yaweza kuwa kiungulia, na yaweza kuwa moyo unaokufa. Kinywa cha mgonjwa husema neno moja kwa magonjwa mawili.

Kwa hiyo, pale Marekani kama pale kwetu, ziko ishara zisizongoja bei wala duka: maumivu makali ya kifua, pumzi inayokatika, uso kupinda upande mmoja, mkono kulegea au maneno kuvurugika ghafula, damu isiyokoma, kuzimia au kifafa, shingo ngumu pamoja na homa, mtoto mchanga wa chini ya miezi mitatu mwenye homa, mama mja mzito atokwaye damu. Aonaye ishara hizo huko Marekani apige simu namba 911, wala asianze kuhesabu dola. Wahenga walisema kweli: mficha maradhi, kifo humwumbua.

Mlango wa tatu

Ndugu zetu walioko huko wajue pia kwamba uko mlango mwingine, usiotangazwa sana. Ni vituo vya afya vya jamii, vinavyosaidiwa na serikali, ambamo mtu hulipa kwa kadiri ya mapato yake. Cha kwanza kilifunguliwa mwaka 1965 katika mtaa wa Columbia Point, mjini Boston. Mmoja wa walioanzisha, Mganga Jack Geiger, alikuwa amekwenda Afrika ya Kusini mwaka 1957, angali mwanafunzi. Huko Pholela aliona kazi ya Sidney na Emily Kark, waliotunza watu wa vijijini kwa dawa, kwa chakula bora na kwa maji safi pamoja. Kumbe fikira iliyowasaidia maskini wa Marekani ilichotwa katika ardhi ya Afrika!

Nasi hapa Kongo twaijua njia ya namna hiyo: kituo cha afya kwanza, kisha, ugonjwa ukizidi, hospitali kuu ya zone. Mwuguzi wa kituo asiyeona haya kuandika barua ya kumpeleka mgonjwa mbele huokoa watu wengi kuliko yule anayeng'ang'ania kila mgonjwa.

Basi, wazazi, mkiwaandikia watoto wenu au ndugu zenu walioko ng'ambo, waambieni maneno haya matatu. Kwanza, watafute mganga au kituo cha jamii mapema, kabla ya ugonjwa, ili watoto wao wajulikane mahali pamoja. Pili, kwa koo, sikio au chanjo, kliniki ya duka yaweza kuwafaa, mradi wasome bei na kuuliza kama bima yao inakubaliwa. Tatu, penye ishara za hatari waende dharura bila kusita. Hospitali inayopokea fedha za serikali kuu inapaswa kuwapa mkalimani bure, wasipojua Kiingereza. Na hospitali nyingi zisizo za biashara zinapaswa kuwa na mpango wa kuwapunguzia deni maskini, ila yafaa mtu auombe. Wengi hukaa kimya na deni lao kwa kutojua haki hiyo.

Bei ndogo ni neema kwa mwenye mfuko mwepesi, wala hatuidharau. Lakini bei yatuambia tutatoa nini mfukoni tu. Haituambii mtoto ana nini. Hilo lahitaji macho ya mtu aliyefundishwa, na moyo wa mzazi asiyengoja mpaka kesho.