Harufu ya Katwe, Mawingu ya Uranusi

Ukivuka daraja la Katunguru, juu ya mfereji wa Kazinga, ukashika njia ya Katwe, ziwa la chumvi hukupokea kwa harufu ya mayai viza. Hiyo ni gesi ya haidrojeni salfaidi, inayotengenezwa na bakteria ndani ya tope lisilo na oksijeni. Wachimba chumvi wanaijua: huwasha macho, hukaba pumzi.

Mwaka 2018 wanasayansi wakiongozwa na Patrick Irwin wa Chuo Kikuu cha Oxford walitangaza kuwa gesi hiyohiyo imo kwenye mawingu ya Uranusi, sayari ya saba kutoka kwenye jua. Waliijuaje bila kwenda kunusa? Kila gesi hufyonza sehemu zake za mwanga na kuacha mapengo. Darubini ya Gemini North, huko Hawaii, ilichambua mwanga wa jua unaorudishwa na mawingu hayo, na mapengo ya gesi ya Katwe yakaonekana. Methani nayo hufyonza wekundu, ndiyo maana sayari ile ina rangi ya samawati iliyoingia kijani.

Lakini huko harufu ndiyo shida ndogo kuliko zote. Hewa yake karibu yote ni haidrojeni na heliamu. Oksijeni ya kuvuta hakuna. Baridi hufika nyuzi 224 chini ya sifuri, na barafu ya Margherita, kileleni mwa Rwenzori, ni vuguvugu mbele yake. Upepo huvuma hadi kilomita 900 kwa saa. Na ingawa huitwa jitu la barafu, haina ardhi ya kukanyaga. Kadiri unavyozama, ndivyo hewa inavyogandamizwa, ikawa nzito, ikawa moto, hata chuma kikapondwa.

Pale Kikorongo, mbele kidogo ya Katunguru, barabara ya Kasese inakata ikweta. Mchana na usiku hukaribia kulingana mwaka mzima. Uranusi sivyo, kwa sababu imelala ubavu. Mwaka wake ni miaka yetu 84, na kila ncha hupata jua miaka 42, kisha giza miaka 42. Mtoto aliyezaliwa giza linapoanza angeweza kuwa na wajukuu kabla hajaona jua.

Ni chombo kimoja tu cha angani kilichowahi kuikaribia sayari hiyo: Voyager 2, Januari 24, 1986. Kilipita bila kusimama, na hakuna kingine kilichofika tangu siku hiyo.