Yule dada wa kwenye picha ya paka, unajua alikuwa analia nini?

Kama una simu yenye WhatsApp basi huyu dada unamjua, hata kama jina lake hulijui. Mzungu, nywele za njano, mdomo wazi, kidole mbele kama anamchana mtu, mwenzake kamshika asije akazidisha. Picha ya pili ni paka mweupe, kakaa mezani mbele ya sahani ya saladi, kanuna! Juu ya dada watu wanaandika, "Ulisema mshahara ukitoka unanilipa!" Juu ya paka wanaandika, "Sikusema wa mwezi gani." Mbavu sina.

Mchezo wenyewe hauhitaji shule. Unaangalia kipindi, unagandisha picha pale sura ya mtu ilipokaa vibaya, unaikwapua, unaandika maneno yako, unarusha kwa masela. Utamu wote uko kwenye kugandisha. Mtu aliyekatwa katikati ya neno, sura yake haina mwenyewe, inasubiri maneno yoyote utakayoipa. Yakizidi mistari miwili imekula kwako, nani anasoma insha kwenye daladala?

Chukua yule jamaa mweusi anayegusa kichwa kwa kidole huku anatabasamu kijanja. Huyo ni Kayode Ewumi, msanii wa Uingereza, na picha imetoka kwenye kipindi cha vichekesho cha BBC Three cha mwaka 2016. Pale alikuwa anamsifia msichana kwamba ana akili, basi. Ilipofika mwaka 2017 dunia nzima ikamgeuza mshauri wa mambo ya kipuuzi: "Daladala haiwezi kukuacha kama hujatoka nyumbani." Kwa nani wa kubisha?

Na sisi watoto wa mikanda ya Kinaijeria tuna wetu, Osita Iheme, Ukwa bin Ukwa! Filamu ya Aki na Ukwa ilitoka mwaka 2002, naye amezaliwa 1982, kwa hiyo yule "mtoto" mtukutu uliyekuwa unamcheka alikuwa kaka mtu wa miaka kama 20. Sura zake za enzi zile leo zimejaa kwenye simu za watu ambao filamu yenyewe hawajawahi kuiona, mpaka Marekani huko.

Sasa hao ni waigizaji. Walilipwa wakunje sura, wakakunja. Turudi kwa dada wa paka, maana yeye hakuwa anaigiza kisa cha mtu.

Anaitwa Taylor Armstrong. Picha imetoka kwenye The Real Housewives of Beverly Hills, kile kipindi cha Marekani kinachofuata maisha ya wake wa matajiri na ugomvi wao, msimu wa pili, mwaka 2011. Machozi ni ya kweli. Mwaka huo ndoa yake ilikuwa inavunjika, na alisema wazi kwamba mumewe alikuwa akimpiga. Julai akadai talaka. Agosti mume akakutwa amejiua. Msimu ulipoanza kurushwa Septemba, mama wa watu alikuwa hana mume wala siri. Mwaka 2012 akaandika kitabu kueleza yote.

Paka wake sasa! Paka hamjui hata kidogo. Anaitwa Smudge, ni wa Ottawa, Canada, picha yake ilianza kuzagaa mwaka 2018. Mei 2019 mtu mmoja mtandaoni akaziweka hizo picha mbili pamoja, kwisha habari. Kilio cha 2011 kikawa kichekesho cha deni la mshahara.

Bibi zetu wa Pwani walikuwa na mchezo huu zamani, kwenye kanga. Jirani anapita na maneno yake mgongoni, kijembe umekisikia, lakini kanga haina picha yako. Ukiuliza unaambiwa, "Mimi nimevaa nguo yangu tu, vipi mwenzetu?" Hii ya simu ina sura ya mtu, tena ya karibu kabisa. Mama anahojiwa kwenye taarifa ya habari, maji yameingia ndani, godoro limeondoka, analia. Kabla ya saa nne usiku kashakuwa stika: "Mimi bando likiisha." Na huyo hakulipwa hata nauli.

Kwenye kundi letu la mtaani tumepiga marufuku stika za watu wanaolia kikweli. Waigizaji ruksa, paka ruksa, wanasiasa wakisinzia ruksa. Kuhusu refa aliyezomewa mpaka akatoa chozi uwanjani, tumebishana wiki ya pili sasa, na wanaotaka abaki wote ni wale timu yao ilifungwa.